Wambui Waiyaki Hakuwa Mpishi wa Mau Mau

Kila ifikapo tarehe 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa, kuna sentensi moja ambayo Mkenya haikosi. Mheshimiwa hupanda jukwaani, akawataja wanaume kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine: Kenyatta, Kimathi, Kaggia, Oneko. Akishawamaliza huteremsha sauti kidogo na kukumbusha kwamba tusiwasahau pia kina mama, maana ndio waliowapikia na kuwabebea chakula wapiganaji wetu. Watu hupiga makofi, kina mama hupiga vigelegele, hotuba ikaendelea na bei ya unga.

Makala haya yanaipinga sentensi hiyo. Ingekuwa tusi tungekwisha kuijibu zamani. Kwa kuwa ilikuja imevaa nguo za sifa, tuliipokea, tukaifundisha shuleni, na mwishowe tukaisimamishia sanamu.

Sanamu yenyewe ipo Uhuru Park, pale Freedom Corner. Ilizinduliwa tarehe 12 Septemba 2015, kwa fedha za serikali ya Uingereza, baada ya serikali hiyo kukubali mwaka 2013 kuwalipa Wakenya 5,228 pauni milioni 19.9 kwa mateso ya kambini wakati wa vita vya Mau Mau. Anayeonekana ni mpiganaji mwanamume, na mwanamke anayempokeza chakula. Kila mmoja amegeuza uso pembeni, ili akikamatwa asiweze kumtambua mwenzake. Ni kazi nzuri ya mikono. Lakini vuka barabara uingie katikati ya jiji mpaka Kimathi Street, utamkuta Dedan Kimathi aliyesimamishwa mwaka 2007, bunduki mkono mmoja na jambia mkono wa pili. Mwanamume akisimama peke yake hukabidhiwa silaha. Mwanamke hukabidhiwa chakula, na hata hapo sharti awepo mwanamume wa kukipokea.

Kibaya zaidi, mmoja wa walalamikaji wachache waliobeba kesi iliyoleta fidia hiyo mbele ya Mahakama Kuu ya London alikuwa mwanamke, Jane Muthoni Mara, aliyeeleza jinsi alivyodhalilishwa kambini akiwa msichana. Waliomtesa hawakuwa wakitafuta mapishi. Walitaka majina, njia na mahali silaha zilipofichwa, kwa kuwa waliamini msichana huyo anavijua.

Sasa toka katikati ya jiji uelekee magharibi. Utapita Argwings Kodhek Road, yenye jina la wakili aliyewatetea watuhumiwa wa Mau Mau. Kando yake, Kilimani, ipo Dennis Pritt Road, kwa heshima ya wakili Mwingereza aliyemtetea Kenyatta kule Kapenguria. Ingia Gitanga Road, kisha ukifika Lavington ushike James Gichuru Road. Gichuru aliongoza chama cha KAU kabla ya Kenyatta, na mwaka 1960 akawa rais wa kwanza wa chama cha KANU. Panda barabara hiyo mpaka mwisho wake nawe utatokea Waiyaki Way, yenye jina la Waiyaki wa Hinga wa Dagoretti, aliyepambana na kampuni ya Waingereza ya IBEA, akakamatwa, na akafa Kibwezi mwaka 1892 akipelekwa pwani.

Wanaume wanne, mmoja wao mgeni kabisa, na wote wanastahili. Ila Waiyaki wa Hinga alikuwa na kitukuu aliyeitwa Wambui.

Wambui Waiyaki alizaliwa mwaka 1936. Baba yake, Tiras Waiyaki, alikuwa afisa wa polisi katika serikali ya kikoloni, kwa hiyo binti huyu angeweza kukaa kimya, akasoma, akaolewa, akanywa chai. Badala yake alikula kiapo cha Mau Mau akiwa bado kijana, akaondoka nyumbani, akaingia Nairobi kufanya kazi ya upelelezi. Yeye na wenzake walikusanya habari, walisafirisha silaha, na waliwaandikisha wafanyakazi wa nyumbani katika makazi ya Wazungu ili wawe macho na masikio ya vuguvugu. Baadaye, vyama vya siasa viliporuhusiwa tena katika wilaya, aliingia Nairobi People's Convention Party ya Tom Mboya, akawa kiongozi miongoni mwa wanawake wake, akapambana na ubaguzi wa rangi jijini. Hali ya hatari iliyowekwa na wakoloni dhidi ya Mau Mau ilitangazwa kwisha Januari 1960. Mwaka huohuo Wambui aliwekwa kizuizini Lamu, tayari akiwa mama wa watoto. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1998, ameandika waziwazi kwamba alibakwa huko na afisa wa Kizungu.

Muulize Mkenya wa kawaida Wambui alikuwa nani. Atakutajia kesi ya maiti. Mumewe, wakili S. M. Otieno, alifariki Desemba 1986. Wambui alitaka kumzika karibu na Nairobi, ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, na Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo ushindi. Akimaliza hapo atakutajia harusi ya mwaka 2003, Wambui alipoolewa na Peter Mbugua, kijana ambaye Wambui alimzidi umri kwa miongo kadhaa. Kaburi na harusi basi. Mwanamke aliyewahi kuwasumbua Waingereza kiasi cha kumfungia kisiwani anakumbukwa kwa waume zake wawili.

Hili halikutokea kwa bahati mbaya. Ukishaamua kwamba katika vita vya uhuru mwanamke alikuwa msaidizi, basi yeyote asiyetoshea katika usaidizi huo hana pa kuwekwa. Wambui hakuwa mke wa jenerali wala mjane wa shujaa wa msituni. Alikuwa mpiganaji kwa nafsi yake, na kwa mpiganaji wa namna hiyo hotuba zetu hazina nafasi.

Tazama kazi aliyokuwa akiifanya, uone kama jina la msaada linaifaa. Lavington ya miaka ya 1950 ilikuwa makazi ya Wazungu. Mwafrika aliingia humo kama mpishi, yaya, mtunza bustani au dobi, na jioni alitakiwa awe katika kibanda chake nyuma ya nyumba. Yaya alikuwa anasikia mazungumzo mezani. Alijua bwana mkubwa anasafiri lini na bastola yake inalala droo gani, na ni afisa gani aliyekuja kula Jumapili. Habari hiyo ilitakiwa ipokewe na mtu, ilinganishwe na nyingine, ipimwe ukweli wake na ipelekwe inakohitajika kabla haijapoa. Risasi zilizopatikana zilitakiwa zipite kwenye kizuizi cha barabarani chini ya mboga, mbele ya askari mwenye amri ya kupekua. Jeshi la Uingereza lilikuwa na idara nzima ya kazi hiyo, yenye maafisa, mishahara na nishani. Kwa wanaume wenye sare inaitwa ujasusi. Akiifanya yaya wa Lavington tunasema aliwasaidia wapiganaji.

Na chakula chenyewe tusikifanye kitu chepesi. Jeshi lisilokula halipigani hata siku 3. Ili gunia moja la unga lifike msituni ilibidi apatikane mchangaji, mtunzaji, mbebaji na mlinzi wa njia, na wote wawe wamekula kiapo, wala asiwepo hata mmoja mwenye mdomo mwepesi. Waliopanga mnyororo huo vijijini kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake. Afisa wa jeshi lolote anayefanya hivyo hupewa cheo.

Waingereza walilielewa hili vizuri kuliko sisi. Tarehe 24 Aprili 1954 waliizingira Nairobi nzima katika Operesheni Anvil, wakawakamata wanaume kwa maelfu na kuwapeleka kambini, huku wanawake na watoto wakirudishwa mashambani. Huko nako hawakuachwa. Kuanzia katikati ya mwaka huo, watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu hadi katika vijiji zaidi ya 800 vyenye ulinzi, na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kizuizini, walioishi humo na kufanyishwa kazi za shuruti wengi walikuwa wanawake. Kando ya msitu wa Mlima Kenya lilichimbwa handaki la maili 50, likapandwa vijiti vilivyochongwa, na wengi wa waliolichimba walikuwa wanawake. Shabaha ilikuwa kumtenga mpiganaji na mwanamke. Dola yenye ndege za kivita iliona kwamba mabomu pekee hayatoshi mpaka kwanza ikate mikono ya kina mama.

Wanawake wapatao 8,000 waliwekwa kizuizini wakati wa hali ya hatari, wengi wao Kamiti. Walioitwa sugu, ambao miaka ya kambi ilishindwa kuwavunja, walihamishiwa Gitamayu mwishoni mwa miaka ya 1950. Aidha, mwaka 1952 chini ya mkono wa serikali ya kikoloni ilianzishwa Maendeleo ya Wanawake, na wakati wa vita ikatumiwa kuwavuta kina mama kutoka kwa Mau Mau kwa mafunzo ya usafi, ushonaji na malezi. Hakuna serikali inayojenga kambi, kuchimba handaki na kuunda shirika la kushindana na wapishi.

Wala wanawake hawakuanza kupambana mwaka 1952, vita vya Mau Mau vilipoanza. Ardhi ya Lavington, kabla ya nyumba za kifahari na maduka makubwa, ilikuwa ya misheni ya St Austin's, ambako mapadri Wafaransa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kustawisha kahawa karibu na Nairobi. Kahawa ilienea Kiambu yote, nayo ilihitaji mikono ya kuchuma. Mwaka 1919 Gavana Northey alitoa waraka uliowahimiza maafisa na machifu kuwatafutia walowezi vibarua, wakiwamo wanawake na watoto. Wasichana walichukuliwa kwa nguvu kwenda mashambani, na huko wengine walitendewa mabaya. Mwanasiasa Harry Thuku aliyapigia kelele mambo hayo, pamoja na kipande, kodi na ujira uliokatwa, ndiyo maana wanawake walimpenda, wakamwita mkubwa wa wasichana.

Alipokamatwa Machi 1922, umati ulijazana nje ya kituo cha polisi cha Nairobi, karibu na hoteli ya Norfolk. Wajumbe wanaume waliingia kuonana na wakubwa, wakatoka na ahadi, wakawaambia watu waende nyumbani. Wengi wakaanza kuondoka. Hapo alisimama Mary Muthoni Nyanjiru. Alivua heshima yote mbele ya wanaume, akainua nguo yake na kuwaambia waichukue, wao wampe suruali zao, kwa kuwa kiongozi wao yu ndani nao wanaogopa. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukarudi na kulisogelea geti. Polisi wakafyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilikiri vifo 21, vikiwamo vya wanawake 4. Waafrika waliohesabu maiti walitaja zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Barabara inayopita mbele ya Norfolk leo inaitwa Harry Thuku Road. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Thuku alisota miaka mingi uhamishoni, na jasho lake ni la kweli. Lakini mtu huyohuyo, mwaka 1952, alisimama redioni kuwalaani Mau Mau. Jiji lilimsamehe, likampa barabara, na likafanya vyema kumsamehe. Nyanjiru, aliyekufa akidai Thuku afunguliwe, hakupewa barabara hiyo, ingawa hakuwa na la kusamehewa.

Na Murang'a, mwaka 1948, serikali ilipowashurutisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, wanawake wapatao 2,500 walifika makao makuu ya wilaya wakiimba na kucheza, wakatangaza kwamba hawachimbi tena kwa sababu kazi za nyumbani kwao zinawatosha. Wengi walikamatwa baadaye. Huko pwani, Mekatilili wa Menza alikwisha kuwainua Wagiriama dhidi ya kodi na kazi za shuruti mwaka 1913, akahamishwa mpaka nchi ya magharibi, akatoroka, akarudi kwa miguu. Kwa hiyo anayetuambia kwamba mwanamke alijiunga na mapambano ya wanaume ameanza kusoma kitabu katikati.

Wapo watakaotoa hoja, na hoja zao zijibiwe.

Watasema wanawake waliopigana msituni walikuwa wachache. Ni kweli, na hata hao wachache tumewaficha. Muthoni Kirima alipewa na Kimathi cheo cha Fildi Masho, akabaki msituni mpaka uhuru ulipopatikana, akafa Septemba 2023 akiwa mkongwe. Lakini kupima vita kwa idadi ya waliokuwa msituni ni kipimo kilichochaguliwa na wanaume waliotoka msituni. Kwa kipimo hicho hata Kenyatta hakupigania uhuru, maana hakulala msituni hata usiku mmoja.

Watasema kumbukumbu za Wambui aliziandika mwenyewe, na mtu hajisifu. J. M. Kariuki aliandika yake mwaka 1963. Waruhiu Itote, Jenerali China, aliandika yake mwaka 1967. Vitabu hivyo tunavisoma kama historia, tunavinukuu, na wasomi wanavipima kama wanavyopima ushahidi wowote. Cha Wambui nacho kipimwe hivyohivyo. Hatuwezi kumwambia mwanamume kwamba ametoa ushahidi na mwanamke kwamba amejigamba, ilhali wote wameandika maisha yao.

Watasema Mau Mau wote walisahauliwa, wake kwa waume. Hilo lina uzito. Chama chao kilibaki haramu mpaka mwaka 2003, miaka 40 baada ya bendera kupandishwa, na wengi walikufa maskini. Lakini tazama lilivyofunguka lango la kumbukumbu: alitangulia Kimathi na bunduki yake, akafuata mwanamke asiye na jina, chakula mkononi.

Watasema tunawapamba wanawake. La, na hapa ndipo sifa za jukwaani zinapodhuru kwa namna isiyotazamwa. Vita vile vilikuwa pia vita vya ndugu kwa ndugu. Palikuwa na wanawake walioegemea serikali, na wengine walikula kiapo kwa kulazimishwa. Lari, Machi 1953, wanawake na watoto waliuawa na Mau Mau wenyewe. Wanawake wa vuguvugu walibeba siri zilizoua watu, na walijua wanabeba nini. Anayewafanya wapishi wema anawanyang'anya maamuzi yao yote, mazuri na mabaya, na kuwageuza watoto wa historia. Mtu mzima hutendewa kama mtu mzima: akapewa heshima yake, na akaulizwa maswali yake.

Mwisho watasema majina ya barabara hayajazi tumbo. Mbona basi yanagombewa? Mwaka 2021 barabara ya Dik Dik Gardens, Kileleshwa, ilibandikwa jina la Francis Atwoli, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na kibao hicho kikang'olewa zaidi ya mara moja na watu wenye hasira. Watu hawaoni hasira hiyo juu ya kitu kisicho na maana.

Na tumbo limeguswa. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikusanya vipande vya ardhi na kuviandikisha kwa majina ya wenye mji, yaani wanaume, wakati ambapo maelfu ya wanawake walikuwa kambini au wanachimba handaki. Walitoka wakakuta shamba walilolima lina hati, na hati ina jina la mwingine. Mwaka 1962 Priscilla Abwao alikwenda kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, mwanamke pekee katika ujumbe wa Waafrika. Mwaka uliofuata Bunge la uhuru likaanza bila mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa na wananchi. Ilibidi tungoje Grace Onyango wa Kisumu mwaka 1969. Wambui mwenyewe aligombea ubunge mara kadhaa, asishinde.

Katiba ya mwaka 2010 inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Bunge lilishindwa mara kwa mara kupitisha sheria ya kulitimiza hilo, hata Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Sikiliza hoja za wabunge wanaopinga: wanawake wanataka kupewa vya bure, waende wakatafute kura kama wenzao. Ni hotuba ileile ya Mashujaa iliyogeuzwa sura. Msaidizi huomba fungu. Mwenye mali hudai chake. Ukishamfundisha mtoto darasa la tano kwamba uhuru ulipiganiwa na baba zake huku mama zake wakiupikia, usishangae akikua mbunge akamwona mwanamke kama mgeni aliyekuja kuomba kiti nyumbani kwa mwenyewe.

Basi yafanyike mambo mawili, na yote yamo katika uwezo wetu. Walimu na waandishi wa vitabu vya shule waache kuwafunga wanawake wa uhuru katika aya moja ya mwisho wa sura. Nyanjiru awekwe katika 1922, Murang'a katika 1948, Kamiti na Wambui katika vita, kila jina katika mwaka wake. Na Kaunti ya Jiji la Nairobi, yenye mamlaka ya kuzipa barabara majina, itazame Lavington. Mtaa huu una Mbaazi Avenue, kwa hiyo hata mbaazi imepata barabara. Gichuru abaki na yake, na babu Waiyaki abaki na yake. Barabara moja kati ya zile zinazoishia James Gichuru Road iitwe Wambui Waiyaki, na jina liandikwe peke yake, bila kuongezewa la mume.